Pareto, Kahawa na Picha Zenye Namba

Tarehe 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipopata uhuru, posta zilianza kuuza mfululizo mpya wa stempu 14. Ya senti 30 ilikuwa na sura ya Jomo Kenyatta, ya senti 50 ilikuwa na bendera mpya. Ya senti 65 ilionyesha pareto, ya shilingi 2 kahawa, ya shilingi 5 chai. Mimea hiyo mitatu ndiyo iliyokuwa ikiwalipia watu wa Gusii karo za watoto, mabati ya nyumba na ng'ombe wa mahari. Mkulima aliyelamba stempu ya senti 65 na kuibandika kwenye bahasha ya kumpelekea mwanawe aliyekuwa shule ya bweni alikuwa amebandika shamba lake.

Picha hizo zilichapwa kwa wingi mno. Zilipigwa mihuri, zikachanwa pamoja na bahasha, zikatupwa. Wakati huohuo kulikuwa na aina nyingine ya picha za mimea ya Afrika Mashariki, zilizochapwa nakala chache, zikahesabiwa, zikatunzwa ndani ya masanduku yasiyopitisha mwanga. Hizo hazikufika Gusii. Aliyetaka kuziona ilimbidi aende Nairobi, London au Edinburgh. Historia ya picha hizi chache inastahili kusimuliwa kwa jicho la mtu anayesimama katikati ya mimea yenyewe, na pa kusimama ni pengi: Suneka, kwa mfano, kwenye barabara kuu itokayo mji wa Kisii kwenda Migori na mpaka wa Isebania.

Suneka ni soko la Bonchari lenye kiwanja kidogo cha ndege, stendi ya matatu na ndizi zinazopakiwa malori. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, kwa hiyo ardhi isiyo na mmea wa mtu ni adimu sana. Kahawa ililetwa kwa Waafrika wa Gusii katikati ya miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipokubali kwa shingo upande kuwaruhusu wakulima wa Kisii, Meru na Embu wajaribu zao lililokuwa limehodhiwa na walowezi. Pareto, asili yake Dalmatia upande wa pili wa bahari ya Italia, ilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na baadaye ikapanda kwenye miinuko ya juu kuliko Suneka, huko Nyamira na Nyaribari. Pembezoni mwa mashamba hayo ulibaki mti wa omotembe na maua yake mekundu, na karibu na jiko zilibaki mboga za chinsaga na rinagu. Hakuna aliyehitaji picha ili kuzitambua. Mtoto alizijua kwa kuzichuma.

Picha ya mmea ilianzia kila mahali kwa mtu ambaye hana mmea mbele yake na anahitaji kuujua.

Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua kwamba chumvi mbili za chuma zikichanganywa na kupakwa kwenye karatasi hugeuka buluu zikipigwa na jua. Mwaka uliofuata rafiki wa familia yake, Anna Atkins, alianza kuitumia mbinu hiyo kwa mimea ya baharini, yaani mwani. Kazi yake inaeleweka vizuri zaidi ikifuatwa hatua kwa hatua. Alipaka dawa kwenye karatasi na kuikausha gizani. Alilaza mwani juu yake, akaunyoosha vitawi kwa vidole, akaufunika kwa kioo ili usisogee, kisha akautoa juani. Palipofunikwa na mwani palibaki peupe. Mahali pengine pote paligeuka buluu. Akaiosha karatasi kwa maji, dawa isiyoguswa na mwanga ikatoka, na kwenye buluu iliyokolea kikabaki kivuli cheupe cha mmea chenye kila uzi wake. Hakutumia kamera wala filamu. Alipotaka nakala ya pili, ilimbidi alaze mwani upya na kusubiri jua upya.

Kitabu alichoanza kukitoa kwa mafungu mwaka 1843 huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za nuru. Kina kurasa karibu 400 za picha na alikimaliza baada ya miaka kumi. Nakala zinazojulikana leo ni karibu 20, na hakuna mbili zinazofanana sawasawa, maana jani lililazwa kwa mkono kila mara. Idadi hiyo ndogo haikupangwa na mfanyabiashara yeyote. Ilitokana na mikono ya mtu mmoja, jua la Kent lililokuwa haba, na marafiki aliotaka kuwapa zawadi. Mpiga picha wa leo anayetangaza kwamba atachapa nakala 20 tu anaiga kwa hiari kile ambacho Atkins alifikishwa na kazi yenyewe.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1860 James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na John Hanning Speke, wakielekea kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuja na kamera na alipiga picha mjini Unguja. Safari ya bara ilipoanza aliiacha kamera, akashika rangi za maji na karatasi za kukaushia mimea. Uamuzi huo una maana. Kupiga picha wakati ule kulihitaji vioo, kemikali, maji safi na hema la giza, na vyote hivyo vingebebwa kichwani na wapagazi kwa mamia ya maili. Karatasi ya kukausha jani ilikuwa nyepesi. Mimea aliyokusanya kutoka pwani hadi Misri ilifika bustani ya Kew, ikatambuliwa na mtaalamu Daniel Oliver, na katika miaka ya 1870 jumuiya ya wanasayansi ya Linnean ikachapisha picha zake zaidi ya 100, nyingi zikiwa kazi ya mkono wa Walter Hood Fitch.

Fitch alikuwa mchoraji wa chapa ya mawe. Jiwe lake lilikuwa la chokaa kutoka Bavaria, tofauti kabisa na jiwe laini la Tabaka ambalo wachongaji wa Kisii hulikata kwa panga. Alichora moja kwa moja juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta. Jiwe likaloweshwa, likapakwa wino, na wino ukashika penye mafuta tu. Jiwe moja lilitoa mamia ya nakala, lakini rangi ilikuwa shughuli nyingine. Jarida la mimea la Curtis, lililoanza London mwaka 1787 na kutegemea sana michoro ya Kew, liliendelea kupakwa rangi kwa mkono hadi 1948. Kila nakala ya kila toleo ilipita mikononi mwa wapakaji waliokaa mezani na brashi, wakifuata mfano mmoja uliowekwa mbele yao.

Ndani ya jarida hilo kuna ua ambalo kila mtu wa Gusii amelipita kwenye kibaraza au mbele ya kanisa: ua dogo laini la kivulini, jekundu au waridi, ambalo mbegu yake hupasuka ikiguswa. Mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alilitangaza mwaka 1882 kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Seyyid Barghash. Aliyelipeleka Uingereza ni John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja. Leo ua hilo linauzwa kwenye vikopo vya plastiki duniani kote, na wauzaji wachache sana wanajua kwamba safari yake ya kibiashara ilianzia Zanzibar.

Kirk mwenyewe anastahili nafasi zaidi katika simulizi hii. Kabla ya ubalozi alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone huko Zambezi, kuanzia 1858. Mpiga picha rasmi wa msafara alikuwa Charles, nduguye Livingstone, lakini picha zilizosalia na zinazothaminiwa ni za Kirk. Alipiga miti, mito na vijiji kwa subira ya mtaalamu wa mimea, na baadhi ya kazi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Joto liliharibu kemikali zake, vumbi liliingia kwenye vioo, majani yalitikisika kwa upepo wakati kamera iko wazi. Ndiyo sababu picha za mimea za zama zile nyingi ni za vigogo: mbuyu hautikisiki.

Unguja yenyewe ilipata wapiga picha wa kudumu mwishoni mwa karne ya 19, wengi wao Wagoa. Studio ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho ziliuza kadi za posta kwa abiria wa meli. Kadi zilionyesha mikarafuu, minazi na wachumaji walio juu ya ngazi. Zilichapwa nyingi na kwa bei nafuu, na hakuna aliyefikiria kuzihesabu. Mkarafuu ulioko kwenye kadi hizo upo kama mtaji wa kisiwa. Hata pale picha ilipokuwa nzuri, na nyingine ni nzuri sana, mmea uliingia kwa sababu unauzwa. Stempu za 1963 zilifuata njia ileile.

Mtazamo mwingine ulianza kujengeka Nairobi katika miaka ya 1930, ndani ya Jumba la Makumbusho la Coryndon, ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa. Mtaalamu wake wa mimea alikuwa Mswisi Peter Bally, mtu aliyependa mimea ya ukame yenye mashina manene. Mwaka 1938 alimwoa mwanamke aliyezaliwa Troppau, katika himaya ya Austria, mwaka 1910, kwa jina Friederike Victoria Gessner. Bally ndiye aliyempa jina la Joy. Mwaka huohuo wote wawili walikuwa katika msafara wa makumbusho kwenye Milima ya Chyulu, na huko Joy akaanza kuchora maua ambayo mumewe alikuwa akiyakusanya.

Dunia inamjua Joy Adamson, jina alilolipata kwa ndoa yake na George Adamson mwaka 1944, kwa sababu ya simba jike Elsa. Ni haki yake, lakini simba huyo ameifunika kazi iliyomtangulia. Kwa zaidi ya miaka kumi Joy alichora maua ya Kenya kwa rangi za maji, mamia kwa mamia, ukubwa wa mmea wenyewe kila ilipowezekana. Ua lililochumwa mlimani hunyauka ndani ya saa chache, kwa hiyo alichora kambini. Michoro yake iliingia katika kitabu cha bustani za Afrika Mashariki kilichohaririwa na Arthur Jex-Blake, na mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza ikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Ukitazama mchoro mmoja wa Joy kwa karibu unaona kitu ambacho picha za kibiashara hazikuwa nacho. Jani limeliwa na mdudu, naye ameliacha vilevile. Chipukizi limepinda. Upande wa chini wa jani una rangi tofauti na wa juu, na ameligeuza moja makusudi ili mtazamaji aione. Hii ni adabu ya kisayansi, lakini ndiyo hiyohiyo iliyofanya michoro ipendeze ukutani. Bally alikuwa na mkono wa namna hiyo pia. Kitabu chake cha 1961 kuhusu jenasi ya Monadenium kilipambwa kwa michoro yake mwenyewe, na wakusanyaji wa mimea ya ukame bado wanakitafuta.

Michoro ya Joy ilibaki Kenya, kwenye makumbusho, na baadhi yake ikachapwa upya katika kitabu chake cha 1972. Hapo tofauti kati ya mchoro mmoja na nakala zake ikawa wazi kwa Wakenya: asili iko kwenye kabati la makumbusho, na anayetaka ua hilo sebuleni kwake hununua chapa.

Chapa hiyo ina thamani gani? Swali hili lilijibiwa kwanza na wachoraji wa chapa za shaba wa Ulaya katika karne ya 19. Bamba la shaba huchoka. Nakala ya kwanza ina mistari mikali kuliko ya mia. Kwa hiyo James Whistler na shemeji yake Francis Seymour Haden walianza kutia sahihi kwa penseli pembeni ya kila nakala waliyoiridhia, na desturi ya kuandika namba ikafuata. Chini ya picha, upande wa kushoto, huandikwa kwa mfano 7/25, maana yake ni nakala ya saba kati ya ishirini na tano. Jina huwa kulia. Penseli hutumika kwa kuwa haichuji na ni vigumu kuighushi kwa mashine. Baada ya nakala ya mwisho bamba hukwaruzwa msalaba ili lisichapwe tena.

Negativu ya picha haichoki hivyo, na hapo ndipo upigaji picha ulipoingia katika mjadala ambao haujakwisha. Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston aliingiza pilipili hoho ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke kutoka kila upande, akaacha kamera wazi kwa dakika kadhaa. Picha hiyo, Pilipili Namba 30, ni miongoni mwa picha za mimea zinazojulikana zaidi duniani. Hoho yenyewe aliila. Weston aliandika kwenye nakala zake kwamba toleo ni la nakala 50, lakini kwa picha nyingi hakukaribia hata nusu, kwa kuwa hapakuwa na wanunuzi wa kutosha. Mwanawe Brett, naye mpiga picha hodari wa majani na matawi, alifika mbali zaidi. Mwaka 1991, siku aliyotimiza miaka 80, aliwasha moto na kuchoma negativu zake ili asiwepo mwingine wa kuzichapa.

Soko lilibadilika katika miaka ya 1970. Ansel Adams alitangaza kwamba hatapokea maombi mapya ya nakala baada ya mwisho wa 1975, na oda zikamiminika. Majumba ya sanaa yakaelewa kwamba mwisho unaojulikana huleta wanunuzi. Robert Mapplethorpe, aliyepiga maua meupe ya arum kama sanamu za marumaru, alitoa picha zake kwa matoleo madogo, aghalabu ya nakala kumi. Asili ya ua hilo ni Afrika Kusini; leo limejiotea kwenye mabonde ya maji ya nyanda za juu za Kenya, na wakulima wadogo hulikata na kuliuza kwa harusi na mazishi.

Mwingine wa kuingia katika orodha hii hakuwa mpiga picha kwa kazi. Karl Blossfeldt alikuwa mwalimu Berlin, naye alipiga picha za vikonyo, vichipukizi na maganda ya mbegu kwa kamera aliyoitengeneza mwenyewe, akiyakuza hadi mara 30, kwa ajili ya kuwafundisha wanafunzi wa uchongaji na ufuaji vyuma. Alitaka waone kwamba jimbi lililojikunja lina umbo ambalo fundi wa chuma anaweza kulifuata. Kitabu chake kilitoka mwaka 1928, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na kikamfanya maarufu ghafla. Mfano huu unawagusa Wagusii moja kwa moja. Tabaka, si mbali na Suneka, kuna vizazi vya wachongaji wa jiwe laini, na Elkana Ong'esa, aliyezaliwa huko mwaka 1944, amefikisha kazi zake hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Wachongaji hao wanalijua umbo kwa patasi kama Blossfeldt alivyotamani wanafunzi wake walijue. Lakini barabarani watalii hununua viboko, twiga na vyombo vya sabuni, kwa hiyo jani la mgomba, lenye mshipa mnene na michirizi inayokimbilia ukingoni, limechongwa mara chache kuliko linavyostahili.

Kwa upande wa kamera, Kenya ilipata vitabu vyake vya maua baada ya uhuru. Michael Blundell, mwanasiasa wa walowezi aliyestaafu na kurudi kwenye kilimo, alikusanya maua ya porini katika kitabu chake cha 1982, kisha katika mwongozo wa Afrika Mashariki wa 1987. John Karmali, mfamasia wa Nairobi aliyejulikana kwanza kwa picha za ndege, alitoa kitabu cha mimea ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980. Posta nayo ilitoa mfululizo wa maua mwaka 1983, safari hii maua ya porini yakiwa peke yake, bila kiwanda wala gunia. Mabadiliko hayo kutoka stempu za 1963 ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye albamu ya mkusanyaji: miaka 20 baada ya uhuru, ua liliruhusiwa kuwa kwenye stempu ya Kenya kwa sababu ni ua.

Nyumba za Gusii wakati huo zilikuwa na picha zake za mimea, na ni kosa kuzisahau kwa kuwa hazina namba wala sahihi. Kulikuwa na kalenda za kampuni na vyama vya ushirika, zenye mashamba ya chai ya kijani kibichi, zilizobaki ukutani miaka mitatu baada ya mwaka wake kupita. Kulikuwa na vitambaa vya kochi vilivyodariziwa maua kwa uzi wa rangi. Na kulikuwa na picha za studio: familia imesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, mama ameketi, na kando yake chombo cha maua ya plastiki. Mtu aliyetoka kwenye mgomba na kahawa alipiga picha mbele ya ua la kuchorwa, kwa sababu ua la kuchorwa lilikuwa la mjini. Picha hizo zilichapwa nakala mbili au tatu: moja ya nyumbani, moja ya aliye mbali, pengine moja ya kubaki dirishani mwa studio. Kwa hesabu ni toleo dogo kuliko la Mapplethorpe.

Mashine za kuchapa kwa wino zilizoanza kutumiwa na wasanii miaka ya 1990 zilifuta kabisa kikomo cha asili. Faili moja inaweza kuchapwa nakala milioni, ya mwisho sawa na ya kwanza. Tangu hapo idadi ni ahadi ya msanii na hakuna kingine kinachoishikilia. Jumba la sanaa linaloheshimika huandika ahadi hiyo kwenye cheti: ukubwa wa picha, aina ya karatasi, aina ya wino, idadi ya nakala za kuuza na nakala mbili tatu za msanii mwenyewe. Karatasi huwa ya pamba isiyo na asidi, kwa kuwa ile ya massa ya mti hugeuka manjano. Wino huwa wa chembe za rangi badala ya ule wa kuyeyuka, ambao jua huula. Picha hufungwa kwenye fremu kwa nafasi kati yake na kioo, ili unyevu usiigandishe. Tahadhari ya mwisho inaihusu Kisii kuliko miji mingi. Pale hewa huwa na unyevu karibu mwaka mzima, na picha iliyobanwa kwenye kioo huota ukungu.

Katika kizazi cha sasa jina la kutajwa ni Mimi Cherono Ng'ok, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1983 na kusomea sanaa Cape Town. Mimea imejaa katika kazi zake: mitende nje ya ukuta, majani mapana yaliyopigwa usiku, maua ndani ya vyumba vya kupanga katika miji ya Afrika na Amerika ya Kusini. Haipigi kwa utulivu wa maabara. Mmea kwake uko pamoja na huzuni ya msiba, safari na watu waliokwenda. Mwaka 2018 alikuwa katika maonyesho makubwa ya Berlin na Pittsburgh, na mwaka 2021 Taasisi ya Sanaa ya Chicago ilimpa onyesho lake peke yake. Mtazamaji wa Kenya akiziona picha hizo anatambua majani ya nyuma ya nyumba yao.

Nairobi nako kuna watu wengi wa kununua kuliko zamani. Jumba la sanaa la Gallery Watatu lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, la One Off mwaka 1994, la Circle mwaka 2012, na tangu 2013 kumekuwa na mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ambako kazi huuzwa hadharani kwa bei inayojulikana. Sehemu kubwa ya kazi hizo ni michoro na sanamu. Picha ya kamera bado inasitasita mlangoni, na picha ya mmea zaidi, kwa kuwa mnunuzi huuliza kwa nini alipie jani ambalo angeweza kulipiga kwa simu yake.

Jibu liko kwenye pareto, kwa yeyote atakayepanda Nyamira asubuhi. Katika miaka ya 1980 Kenya ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia. Baadaye malipo yalichelewa miaka na miaka, wakulima wakang'oa miche na kupanda mahindi, chai au mikaratusi, na eneo la pareto likapungua hadi kubaki mabaka. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati manjano. Sumu inayoua mbu imejificha kwenye mbegu ndogo zilizoshikana katika ile manjano, na wachumaji hulikata kichwa chake kwa vidole viwili, likifunguka safu kadhaa, kabla halijapita. Mikono iliyofanya kazi hiyo miaka 40 ipo hai bado, na mashamba ya mwisho yapo. Mpiga picha mwenye kamera nzuri, subira ya Bally na jicho la Joy kwa jani lililoliwa na mdudu ana hapo mlolongo mzima wa picha: ua likiwa tumba, likiwa wazi, likiwa limekauka kwenye mkeka, likiwa mkononi mwa mama mzee. Nakala kumi na tano kwenye karatasi ya pamba, sahihi kwa penseli, ya kwanza ikabidhiwa nyumba ya mwenye shamba na ya pili makumbusho ya Nairobi, pale michoro ya Chyulu ilipo.

Kwa asiye na kamera, njia ya Atkins bado inafanya kazi, na dawa zake huuzwa na maduka ya kemikali. Kisii iko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana, mvua ya jioni ikiwa bado haijaja, hugeuza karatasi ndani ya dakika chache, kwa kasi ambayo Kent isingeweza kuitoa. Jani changa la rinagu hulala vizuri chini ya kioo. La mgomba ni kubwa mno. Hukatwa kipande cha ncha, pale lilipochanwa na upepo.